Mwalimu mstaafu, mkasi na pakiti za unga

Kwa zaidi ya miaka 30, Rosemary Karuga alikuwa mwalimu, mke na mama nchini Kenya. Kwamba aliwahi kusomea sanaa Makerere, tena akiwa mwanamke wa kwanza kuingia katika shule ile ya sanaa, lilikuwa jambo la zamani, kama cheti kilichofungwa kwenye bahasha na kuwekwa chini ya nguo ndani ya sanduku.

Kisha, katika miaka ya 1980, akiwa amemaliza kazi ya ualimu, binti yake akamhimiza arudi kwenye sanaa. Akarudi. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa zinatazamwa na watu mjini New York.

Hadithi ikisimuliwa hivyo inasikika tamu na fupi mno. Wazazi wengi wakiisoma watatikisa kichwa na kusema, “Yule alikuwa na bahati yake.” Ndiyo maana inafaa kuangalia hatua kwa hatua jinsi alivyorudi, kwa sababu karibu kila hatua ilipita mahali ambapo familia nyingi zipo: kwenye meza ya kulia, kwenye kapu la taka la jikoni, na kwenye mazungumzo ya mama na mtoto wake aliyekwisha kuwa mtu mzima.

Msichana wa Meru aliyekwenda Makerere

Rosemary Namuli Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928. Mama yake alikuwa Mkenya, baba yake alitoka Uganda. Mwaka 1950 alikwenda Makerere, Kampala, na akasoma huko hadi 1952. Alijifunza kuchora, kubuni mapambo na kuumba sanamu.

Shule ya sanaa ya Makerere ilianzishwa na Mwingereza, Margaret Trowell, ambaye katika miaka ya 1930 alianza na wanafunzi wachache tu nyumbani kwake. Msimamo wake ulikuwa kwamba kijana wa Afrika Mashariki asifundishwe kuiga picha za Ulaya, bali achore mambo anayoyajua: hadithi za kwao, shamba, soko, watu wa kijijini. Mtu anaweza kubishana na mengi katika fikra za Wazungu wa wakati ule, lakini jambo hilo moja lilikaa kwa wanafunzi wake wengi. Kwa Karuga lilikuja kuonekana wazi miaka mingi baadaye.

Baada ya masomo aliolewa, akaanza kufundisha shule ya msingi, akalea watoto.

Hapo ndipo sanaa ilipositishwa. Wala halikuwa jambo la ajabu. Msomi wa Makerere katika miaka ile alitazamiwa kuingia kazini, na kwa aliyesomea sanaa kazi iliyokuwapo ni ualimu. Mahali pa kuuzia picha palikuwa pachache, na penyewe havikuwa vya Waafrika. Rangi za mafuta na turubai ni vitu vya kununua kwa fedha, tena vya kuagizwa kutoka nje. Sanamu ya udongo inahitaji nafasi ya kufanyia kazi, na ikikamilika inahitaji tanuri. Mwalimu anarudi nyumbani na rundo la madaftari ya kusahihisha. Mtoto mdogo anataka kula. Kesho ni shule tena. Hakuna haja ya mtu kuipiga sanaa marufuku. Ratiba peke yake inatosha.

Wazazi wanaifahamu ratiba hiyo. Yupo baba aliyekuwa akichora mabango ya shule nzima, leo anaendesha bodaboda. Yupo mama aliyeshona vitambaa vya kutarizi vilivyosifiwa mtaa mzima kabla ya mtoto wa kwanza. Ukiwauliza, wengi hujibu kwa maneno yaleyale: nikipata muda nitarudi. Muda wenyewe hauji, au ukija unakuta mtu amechoka.

Binti ndiye aliyesema

Kinachofaa kuzingatiwa katika kurudi kwa Karuga ni kwamba hakukuanza na muda wala vifaa. Kulianza na mtu wa nyumbani aliyekumbuka kwamba mama ni msanii.

Ni jambo dogo kulitaja na kubwa kulifanya. Watoto wengi hawajui kabisa wazazi wao waliwahi kuwa nani kabla hawajaitwa baba Fulani au mama Fulani. Picha zilitupwa wakati wa kuhama nyumba, cheti hakionyeshwi, na mzazi mwenyewe akiulizwa hucheka na kusema yalikuwa mambo ya utoto. Mtoto anayejua, na akalisema bila kejeli, anampa mzazi kitu ambacho duka la vifaa vya sanaa haliuzi.

Na hakuambiwa tu aende akajishughulishe asije akachoka na ustaafu. Kuna namna watoto wazima huwapa wazazi wao “kitu cha kufanya”, kama vile mtu mzima ni mtoto wa chekechea anayehitaji kutulizwa. Mzazi huisikia dharau hiyo hata ikifunikwa kwa upendo. Karuga alirudi kwenye sanaa kama fani aliyoisomea, na akaingia mahali ambapo wasanii wengine walikuwa wakifanya kazi: Paa ya Paa, jijini Nairobi.

Paa ya Paa ilianzishwa mwaka 1965, na jina linaloambatana nayo zaidi ni la Elimo Njau, mchoraji kutoka Kilimanjaro ambaye naye alisoma Makerere. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: paa ni yule mnyama wa jamii ya swala, na kupaa ni kuruka juu. Njau alijulikana kwa kuwakataza wasanii kunakili kazi za wengine. Kila mtu atafute chake. Palikuwa mahali ambapo msanii angeweza kukaa, kufanya kazi, kula na kubishana na wenzake. Karuga alikaa hapo kama msanii mkazi.

Ni vigumu kusema hili bila kuonekana mtu anapuuza nyumba, lakini linafaa kusemwa: kwa mzazi anayerudi kwenye kazi ya mikono, mahali nje ya nyumba pana uzito wake. Nyumbani, mama akikaa na mkasi mkononi, kila mtu anamwona hana kazi. “Mama, chumvi iko wapi?” “Mama, nani kachukua chaja yangu?” Akiwa katikati ya watu wengine wenye mikasi na brashi, hakuna anayemuuliza chumvi.

Kwa nini pakiti za unga

Alipoanza upya hakuwa na fedha za kununua rangi. Hilo ndilo lililomtoa kwenye turubai na udongo na kumpeleka kwenye kolaji, yaani picha inayotengenezwa kwa kukata vipande vya karatasi na kuvibandika. Karatasi zake zilikuwa za kawaida kabisa: vifungashio vya sabuni ya Rexona, pakiti za unga, na karatasi nyingine za rangi zilizokuwa zikifika nyumbani bila gharama ya ziada.

Inafaa kutulia kidogo hapa, kwa sababu watu wengi husifu tu “ubunifu wa kutumia taka” wakapita, wakati ugumu wote uko katika namna kazi yenyewe inavyofanyika.

Mchoraji wa rangi za maji au mafuta akitaka kijani cha jani la mgomba jioni, anachanganya mpaka anakipata. Mbandikaji hana kuchanganya. Ana kijani kilichochapishwa kwenye pakiti, basi. Akitaka kiwe cheusi zaidi atafute kona ya pakiti ambayo wino umekolea. Akitaka kiwe chepesi atafute mahali ambapo herufi nyeupe zimeingiliana na rangi. Herufi zenyewe zikikatwa ndogo hazisomeki tena, zinakuwa mistari, nyasi, manyoya ya kuku, nyuzi za kanga. Kwa hiyo anakata vipande vidogo sana, wakati mwingine vidogo kama ukucha, na kuvipanga kwa kufuata mwanga na kivuli. Ukiitazama picha kwa karibu unaona vipande; ukirudi nyuma hatua tatu unaona mwanamke ameinama au mnyama amegeuza shingo.

Watu walizifananisha kazi za Karuga na mozaiki za Bizanti, zile picha za makanisa ya kale zilizopangwa kwa vijiwe vya rangi. Ulinganisho huo una maana. Mozaiki nayo haichanganyi rangi. Inaziweka jirani na kuliachia jicho kazi ya kuziunganisha.

Na alichotengeneza ni watu, wanyama na maisha ya kijijini, mambo yale ambayo Trowell alikuwa akiwahimiza wanafunzi wake wayatazame. Lakini hakurudi pale alipoachia mwaka 1952. Kama angesubiri mpaka apate tanuri na udongo mzuri ili aendelee na sanamu, pengine asingeanza kabisa. Alianza na kitu kingine, kilichomfaa mtu wa umri wake, mfuko wake na meza yake.

Kolaji ina tabia moja ambayo mzazi yeyote ataipenda: inaweza kuachwa katikati. Rangi ikishakamuliwa inakauka. Udongo ukiachwa bila kufunikwa kwa kitambaa kibichi unapasuka. Kipande cha karatasi kilichokatwa leo kinakusubiri hadi Alhamisi ijayo bila lawama, ilimradi upepo usipite na mtoto asiketi juu yake.

Hapana shaka pia kwamba miaka ya darasani haikuwa mitupu. Mwalimu wa shule ya msingi wa kizazi kile alijua kutengeneza zana za kufundishia kwa maboksi, karatasi za kalenda na gundi, kwa sababu hapakuwa na kingine. Wanaosema mtu kama huyo “alipoteza” miaka 30 wanasahau mikono ilikuwa inafanya nini. Hata hivyo, si haki pia kuifanya miaka hiyo kuwa baraka tupu. Zipo picha ambazo mwanamke wa miaka 35 angezitengeneza na hazikutengenezwa. Hizo hazirudi, na familia inayomshangilia mama anaporudi isimtake ajifanye kwamba hazikuwahi kukosekana.

Harlem, 1990

Mwaka 1990 jumba la Studio Museum lililoko Harlem, New York, liliandaa maonyesho ya wasanii wa kisasa wa Afrika. Walikuwa tisa, kutoka nchi mbalimbali. Wanane walikuwa wanaume. Mwanamke alikuwa mmoja, Rosemary Karuga, mwenye umri wa miaka zaidi ya 60, na picha zake za karatasi za jikoni.

Miongoni mwa wale wanane alikuwamo El Anatsui wa Ghana, ambaye wakati huo alijulikana zaidi kwa kazi za mbao. Miaka kadhaa baadaye alikuja kusifika dunia nzima kwa kushona vifuniko vya chupa kuwa mapazia makubwa yanayong’aa kama dhahabu. Leo kutumia vitu vilivyotupwa kunaonekana kama jambo la kawaida katika majumba ya sanaa. Mwalimu mstaafu wa Kenya alikuwa ameshaanza, kwa sababu ya kawaida kabisa kwamba rangi zilikuwa ghali.

Karuga alitengeneza pia picha za riwaya ya Amos Tutuola wa Nigeria, The Palm-Wine Drinkard, kisa cha mlevi anayemfuata mgema wake hadi mji wa wafu. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1952, mwaka uleule ambao Karuga alimaliza Makerere. Kitabu kikazunguka dunia. Yeye akashika chaki. Walikutana baadaye, wote wawili wakiwa wazima.

Mwingine aliyekuwa mwalimu

Wako wengine waliopita njia inayokaribia hiyo, na mmoja wao anafaa kutajwa, kwa kuwa anaonyesha upande ambao hadithi ya Karuga haiuonyeshi.

Alma Thomas alizaliwa mwaka 1891 Columbus, Georgia, kusini mwa Marekani, na akakulia Washington baada ya familia yake kuhamia huko. Mwaka 1924 alikuwa mtu wa kwanza kuhitimu shahada ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Howard. Kisha akafundisha sanaa katika shule moja ya Washington kwa miaka 35, mpaka alipostaafu mwaka 1960. Hakuwa na watoto wake mwenyewe; alikuwa na wa wenzake, madarasa kwa madarasa.

Thomas hakuiacha sanaa moja kwa moja. Alichora kidogo kidogo, na alipokaribia miaka 60 aliingia darasani kama mwanafunzi, akasoma uchoraji katika chuo kingine cha Washington huku bado anafundisha. Alipostaafu akadhani sasa zamu yake imefika. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1964, maumivu ya viungo yakamshika kiasi cha kufikiria kuacha kabisa.

Kilichomrudisha ni mwaliko. Chuo cha Howard kilitaka kuonyesha kazi zake mwaka 1966, naye akaamua hatapeleka zile za zamani. Atachora kitu kipya. Alikuwa akitazama mti nje ya dirisha la nyumba yake, mwanga ukipita katikati ya majani, na kutoka hapo zikaja picha zake mashuhuri: mistari na duara za vipande vifupi vya rangi vilivyopangwa kimoja kimoja, nyeupe ikichungulia katikati. Nazo zimefananishwa na mozaiki. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 80, akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupewa maonyesho ya peke yake katika jumba la Whitney, New York. Alifariki mwaka 1978. Picha yake moja, Resurrection, ya mwaka 1966, sasa ni mali ya Ikulu ya Marekani.

Tofauti ya hawa wawili ni kwamba kwa Karuga mlango ulifunguliwa na mtoto, kwa Thomas ulifunguliwa na tarehe. Maonyesho yana siku yake. Picha iwe tayari au isiwe, watu watakuja. Kwa wazazi wanaosema “nitaanza taratibu”, tarehe husaidia kuliko hamu. Si lazima iwe Howard. Inaweza kuwa ukuta wa ukumbi wa kanisa, siku ya wazazi shuleni, au sebule ya shangazi wakati wa sikukuu, ilimradi kuna mtu atakayefika kutazama.

Yanayowezekana nyumbani

Kosa ambalo familia nyingi hufanya kwa nia njema ni kuanza na zawadi kubwa. Mama anasema kwa bahati mbaya kwamba alikuwa akichora, Jumamosi watoto wanamletea boksi la rangi la bei mbaya na kitambaa cha kuchorea cha mita nzima. Anashukuru, analiweka juu ya kabati, na hapo ndipo linapokaa. Kitambaa cheupe kilichogharimu fedha nyingi kinaogopesha. Pakiti ya unga haimwogopeshi mtu. Ikiharibika kuna nyingine keshokutwa.

Swali la pili linalovunja moyo ni lile la bei. “Utauza shilingi ngapi?” Wanaouliza hawana ubaya, kwani fedha ni shida ya kweli. Lakini picha ya kwanza ya mtu aliyekaa miaka 20 bila kushika brashi huwa mbaya, na anajua ni mbaya, kwa kuwa jicho lake bado ni lile la zamani wakati mkono umesahau. Kumuuliza bei siku hiyo ni kumwambia afunge. Swali zuri zaidi ni dogo: “Hii sehemu ya hapa umeifanyaje?”

Nafasi ni tatizo katika nyumba za vyumba viwili. Njia inayofaa ni sinia kubwa au ubao uliokatwa kwa kipimo cha uvungu wa kitanda. Kazi nzima inakaa juu yake: karatasi ya chini, vipande, mkasi, gundi. Chakula kikiiva, sinia linaingia uvunguni bila kupangua kitu. Kuna watu waliowahi kuacha kazi si kwa kukosa saa moja ya kufanya, bali kwa sababu katika saa hiyo dakika 20 ziliishia kupanga na dakika 20 kupangua.

Kwa anayetaka kujaribu namna ya Karuga, mambo machache ya ufundi yatamwepusha na hasira. Gundi ya kupika kwa unga wa ngano, uji mzito uliochujwa usiwe na mabonge, inashika vizuri karatasi ya kawaida, lakini inavutia mende na panya na huota ukungu mahali pa unyevu, hasa pwani wakati wa masika. Kwa kazi inayotakiwa kudumu ni afadhali gundi nyeupe ya maji inayouzwa madukani. Vifungashio vinavyoteleza, vyenye ngozi ya plastiki, havishikwi na gundi ya unga hata kidogo. Karatasi ya chini iwe ngumu, kama boksi lililonyooka. Ikibandikwa upande mmoja tu itajikunja ikikauka, hivyo hubandikwa karatasi upande wa nyuma pia na kulazwa chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Pakiti nyingi za unga siku hizi ni za karatasi bado, na hilo ni jema. Sabuni nyingi zimehamia kwenye plastiki. Lakini kalenda za mwaka uliopita, magazeti yenye picha za rangi na maboksi ya dawa ya meno yapo karibu katika kila nyumba. Watoto wadogo wanaweza kupewa kazi ya kupanga karatasi kwa rangi, kila rangi bahasha yake, na wanaipenda mno. Mkasi wenye ncha kali ubaki kwa mkubwa.

Mtoto akishiriki, ashiriki katika kazi yake mwenyewe. Kumpa mama saa moja kisha kumkalisha na watoto watatu wanaotaka kubandika juu ya picha yake si kumpa saa. Baba anaweza kuwachukua wakacheze nje. Ikiwa anayerudi kwenye sanaa ni baba, basi kwa zamu hiyohiyo, mama naye asiambiwe kila siku kwamba mzee “anatafuta msukumo” huku vyombo vinamsubiri yeye tu.

Mwaka 2006 Karuga, afya ikiwa imeanza kuyumba, alihamia Ayalandi kuishi na binti yake. Mwaka 2017 makumbusho ya taifa jijini Nairobi yalimtambua kwa kazi zake, wakati ambapo vijana wengi wa sanaa nchini Kenya walikuwa ndiyo kwanza wanalisikia jina lake. Alifariki Ayalandi mwezi Februari 2021, akiwa na miaka 92.

Kazi za karatasi ni dhaifu. Wino wa pakiti haukutengenezwa kudumu zaidi ya safari ya kutoka dukani hadi jikoni, na jua likiupiga mwaka mmoja nyekundu inakuwa pinki, na bluu ya bei nafuu inafifia. Kwa hiyo nyumba yenye picha za mama, bibi au babu, za kubandika au za kuchora, izitundike kwenye ukuta usiopigwa na jua la dirisha. Zile ambazo hazijatundikwa zilazwe bapa, kila moja ikitenganishwa na karatasi safi, mbali na sakafu. Zisibandikwe kwa utepe wa gundi, kwa kuwa hugeuka njano na kutoka na ngozi ya karatasi. Nyuma, kwa penseli laini na si kwa kalamu ya wino, yaandikwe jina la aliyetengeneza, mwaka, na mahali. Na kama mwenyewe yupo hai, akae pembeni wakati wa kuandika, maana ndiye anayejua ni kuku wa nani yule aliyesimama mlangoni.